Unafanyia kazi laptopu yako mwenyewe na unahisi ofisi inaona kila kitu? Anza kuangalia hapa

Siku hizi watu kibao wanafanya kazi za kampuni kwa laptopu zao wenyewe. Mwingine yuko Mbezi anahudumia wateja wa kampuni ya Uingereza, mwingine yuko Nairobi analipwa kwa saa kupitia Upwork, saiti ya kupata kazi za mtandaoni, mwingine kaajiriwa hapahapa Dar ofisi ikamwambia siku mbili tatu kwa wiki baki nyumbani na mashine utatumia yako, na laptopu hiyohiyo ndo ina picha za watoto, statimenti za benki, vyeti vya shule na WhatsApp ya familia imefunguliwa pembeni. Alafu kinatokea kitu kinakukosesha amani, setingi fulani haibadiliki, folda imehamia sehemu usiyoijua, bosi anataja kitu ambacho hukumwambia, basi mtu anaanza kuziba kamera kwa plasta na kutaka kuformati kila kitu.

Kiukweli mara nyingi hakuna aliyekuwekea programu ya siri. Ni ruhusa uliyoitoa siku ya kwanza ukiwa na haraka ya kufungua imeili ya kazi, na ruhusa hizo zina ngazi: kuna inayoishia kwenye akaunti, kuna ya brauza, kuna ya mashine nzima, kuna ya mtandao, na kuna ya programu moja inayopiga picha skrini. Ukishajua ofisi imeingilia ngazi gani, unatoa pale pale na kazi inaendelea. Usipojua utaformati, utalogini tena, utabonyeza kilekile ulichobonyeza mwanzo na utarudi ulipokuwa. Kwa hiyo hapa chini naenda na dalili, moja moja, kila dalili inaashiria ngazi gani na unafanyaje.

Ila kabla hujagusa chochote hakikisha mambo mawili. Mashine iwe kweli ni yako, kama ni ya kampuni haya hayakuhusu, hiyo ichukulie kama meza ya ofisini na mambo yako binafsi yatoe huko. Alafu soma mkataba wako, kama uliahidi kuweka programu yao fulani usiing'oe kimyakimya, mwambie mtu kwanza, kwasababu mfumo wao utaona imetoka na we ndo utaonekana una la kuficha.

Windows inaandika kwamba setingi zinasimamiwa na taasisi

Maandishi yenyewe ni "Some settings are managed by your organization", yanatokea juu ya ukurasa wa setingi. Sababu ya kwanza kuifikiria ni kile kidirisha kinachotokea ukiingiza imeili ya kazi kwenye Outlook, Word au Teams kwa mara ya kwanza. Kinakuuliza kama unataka kubaki umeingia kwenye programu zote, na chini yake kuna kisanduku kimeshawekewa tiki kabisa, "Allow my organization to manage my device", alafu OK kubwa ya bluu. Kila mtu anabonyeza OK. Kumbe pale chini kwa herufi ndogo palikuwa na "No, sign in to this app only", na hicho ndo cha kubonyeza kwenye mashine yako binafsi. Matoleo mapya maneno yamebadilika kidogo lakini swali ni lilelile, unaingia kwenye programu hii tu au unakabidhi mashine nzima.

Kuhakikisha, nenda Settings, Accounts, alafu "Access work or school". Kama hamna akaunti yoyote pale, ofisi haijaingia kwa njia hii. Kama ipo, ibonyeze. Ukiona kitufe cha "Info" mashine imeandikishwa kwenye mfumo wa usimamizi, kwa kampuni zinazotumia Microsoft mara nyingi ni Intune. Ukiona "Disconnect" bila "Info" basi mara nyingi imesajiliwa tu, yaani jina la laptopu yako lipo kwenye orodha yao lakini hawaiendeshi.

Ukitaka uhakika zaidi fungua Command Prompt uandike dsregcmd /status ubonyeze Enter. Itamwaga maandishi mengi, usitishike, tafuta mistari miwili tu. WorkplaceJoined ikisema YES na AzureAdJoined ikisema NO, ni usajili mwepesi. AzureAdJoined ikisema YES hapo kaa vizuri, maana mashine imeunganishwa kama vile ni mali ya kampuni, na maadmini wao wakuu wanahesabiwa kuwa maadmini wa laptopu yako.

Sasa wanaona nini? Kwa mashine binafsi iliyo kwenye Intune, Microsoft wenyewe wanasema ofisi inaona jina la mashine, modeli, namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number), toleo la Windows na programu zile za kazi walizozisambaza wao, na haioni historia ya brauza, picha, paswedi wala yaliyomo ndani ya mafaili yako. Hiyo inapunguza presha. Lakini usiishie hapo, kwasababu mfumo huohuo unampa admini uwezo wa kutuma programu na skripti kwenye Windows yako bila we kubonyeza chochote, kwa hiyo Intune yenyewe inaweza isione kitu lakini ikaleta kingine kinachoona. Na kuna jambo la pili ambalo kwangu mimi ndo zito zaidi: kufuta kutoka mbali. Kuna amri inayoitwa "Retire" ambayo inatoa vitu vya kazi tu, na kuna "Wipe" ambayo inarudisha mashine kama imetoka dukani, na anayechagua kati ya hizo mbili kakaa ofisini siku unayoacha kazi, anaweza asijue kabisa kwamba laptopu ile ni yako na ndani kuna picha za marehemu mama yako. Kwa hiyo bakap kwenye diski ya nje iwe kabla ya kila kitu, leo, hata kama huna mpango wa kuacha kazi.

Kutoa ni "Disconnect" palepale. Kama AzureAdJoined ilikuwa YES tengeneza kwanza akaunti nyingine ya kawaida ya admini kwenye laptopu, ujue na paswedi yake, ndo ukate, maana ukikata bila hiyo unaweza ukawasha mashine usiwe na akaunti ya kuingilia. Ukirudi kulogini kazini chagua programu hii tu, au ushindwe kabisa kukosea: tumia Outlook na Teams ndani ya brauza.

Kuna watu wanakuta "Access work or school" ni tupu na maandishi bado yapo. Hapo angalia historia ya mashine yenyewe. Kama uliwahi kutumia programu za kuzima ufuatiliaji wa Windows, kama O&O ShutUp10, zile zinaweka sera (setingi za kulazimisha) zilezile ambazo kampuni huweka, na Windows inadhani kuna taasisi. Na kama fundi ndo alikuwekea Windows, nenda ukurasa wa "Activation" usome. Ukikuta "Windows is activated using your organization's activation service" na we hiyo taasisi huijui, fundi alitumia kifaa cha KMS, yaani kijiprogramu cha kuifanya Windows ionekane imelipiwa, ofisi yako haihusiki hata kidogo. Lakini usipumue sana, vifaa hivyo vinaokotwa mtandaoni na vingi vinakuja na virusi, na virusi vinavyoiba paswedi ni hatari kubwa kuliko bosi yeyote. Mashine ya namna hiyo isafishe uweke Windows halali kabla hujaingiza akaunti ya kazi au ya benki.

Chrome inasema inasimamiwa na taasisi yako

Angalia kwanza uko profaili ipi, kile kiduara chenye picha au herufi kulia juu. Kama ni profaili ya imeili ya kazi hakuna tatizo, ndo inavyotakiwa kuwa. Andika chrome://management kwenye sehemu ya anwani itakueleza admini anaweza kuona nini, na chrome://policy itakuonyesha sera moja moja.

Tatizo ni pale unapokuta profaili moja tu, ya kazi, na humo humo ndo unaangalia benki, unatafuta dawa, unasoma matangazo ya kazi nyingine. Ulipokubali kusinki, historia na paswedi zinapanda kwenye akaunti ya kazi, na akaunti ya kazi siyo mali yako, admini wa Google Workspace anaweza kubadilisha paswedi ya akaunti yako saa yoyote akaingia kama wewe. Suluhisho ni profaili mbili, ya kazi iwe na rangi yake kabisa ili jicho lizoee, au kazi iwe Chrome na maisha yako yawe Firefox, mimi napenda hii ya pili kwasababu hata ukiwa umechoka usiku huwezi kuchanganya. Ukishatenganisha hamisha paswedi zako binafsi, zifute upande wa kazi, alafu zile nyeti, benki na imeili yako kuu, zibadilishe kabisa.

Ikiwa ni profaili yako binafsi ndo inasema inasimamiwa, sera zimewekwa kwenye mashine nzima. Rudi juu kule kwenye Windows. Kama mashine haina akaunti ya kazi popote, mshukiwa ni antivirusi au programu chafu iliyojipachika, soma chrome://policy uone ni ekstensheni gani inalazimishwa kukaa.

Mafaili yangu ya Desktop yamehamia OneDrive ya ofisi

Hii inawashtua wengi na ina sababu moja. Kampuni inaweza kuweka sera ya kuhamisha folda za Desktop, Documents na Pictures kwenda OneDrive yao (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), au OneDrive yenyewe ilikuomba ruhusa ya kufanya bakap ukakubali. Bonyeza kulia folda ya Desktop, "Properties", alafu "Location". Ukiona njia ina OneDrive ikifuatiwa na jina la kampuni, kila unachotupa kwenye Desktop kinapanda kwao, skani ya kitambulisho cha NIDA, fomu ya mkopo, vyote.

Fungua setingi za OneDrive, "Sync and backup", "Manage backup", zima folda moja moja. Mara nyingi mafaili hayarudi yenyewe, yanabaki ndani ya folda ya OneDrive, kwa hiyo yakate uyapeleke kwenye folda ya kawaida ya C. Na ujue kwamba ukifuta faili kwenye OneDrive ya kazi linakaa kwenye pipa la taka hadi siku 93, kwa hiyo kama ni nyeti ingia OneDrive kupitia brauza ulifute na kwenye pipa, na pipa lenyewe lina pipa la pili ambalo admini analifikia. Ndo maana bora visipande tangu mwanzo.

Bosi anajua nilikuwa nafanya nini saa nane mchana

Hapa ndo pana mambo mengi na ndo panapoumiza.

Kwanza ondoa uwezekano wa kawaida. Teams na Slack zinaonyesha kiduara cha kijani au njano bila ujasusi wowote, Google Docs inaweka historia ya nani alihariri saa ngapi, na mazungumzo ya Slack, hata yale ya watu wawili, kampuni inaweza kuyatoa kwa taratibu fulani. Zoom iliwahi kuwa na kitu cha kumwonyesha mwenye kikao kama umehamia dirisha jingine, wakakiondoa moja kwa moja Aprili 2020, kwa hiyo hilo kama bado unalisikia liache.

Kama alichokitaja kilikuwa nje ya programu za kazi, tafuta programu ya kurekodi muda. Upwork, Hubstaff, Time Doctor na wenzake. Hizi nyingi zinajionyesha wazi. Ya Upwork inapiga skrinishoti mara 6 kwa saa, moja ndani ya kila dakika 10 kwa wakati usiotabirika, inahesabu umebonyeza kibodi na mausi mara ngapi lakini hairekodi ulichoandika, na we mwenyewe unaziona hizo picha kwenye daftari la kazi, unaweza kuifuta moja na ukipoteza ni malipo ya hizo dakika 10 tu. Inafanya kazi pale ulipoiwasha. Za aina nyingine mwajiri ndo anapanga, kuna anayeweka picha ziwe na ukungu, kuna anayewasha na kurekodi saiti zote, na ile inayoanza yenyewe laptopu ikiwaka ndo ya kuogopa.

Kwenye Windows kuna jambo watu hawalijui: programu ya kawaida ya kompyuta haihitaji ruhusa yako kupiga picha skrini. Hakuna swichi ya kuizuia. Kwa hiyo unatafuta kwa kuangalia nini kimeinstoliwa na nini kinawaka chenyewe: "Installed apps", panga kwa tarehe, angalia kilichoingia wiki uliyoanza kazi, alafu Task Manager kwenye "Startup apps". Mac ni afadhali, tangu toleo la Catalina la 2019 programu lazima iombe. Nenda System Settings, "Privacy & Security", angalia orodha tatu: ya kurekodi skrini, ya "Input Monitoring" ambayo ndo kusoma kibodi, na ya "Full Disk Access". Kilichopo pale ndo kinachoweza, chenye swichi kizime uone nani atalalamika. Kama swichi imekuwa ya kijivu haizimiki, Mac imeandikishwa, fungua Terminal uandike profiles status -type enrollment itakwambia.

Sasa chukulia dada anayefanya kazi ya mteja wa Marekani, saa ya kurekodi inakwenda, dakika mbili akafungua WhatsApp Web kujibu grupu la kamati ya harusi ya mdogo wake. Skrinishoti ikapigwa palepale. Ndani ya picha ile kuna majina ya watu, namba zao za simu, nani katoa laki na nani ameahidi hajatoa, na picha ipo kwenye seva ya kampuni ambayo shangazi hajawahi hata kuisikia. Yeye dada labda alikubali kupigwa picha skrini, lakini wale wengine hawakumkubalia mtu. Hili mimi nalichukulia kwa uzito kabisa, faragha ya laptopu ya nyumbani ni ya nyumba nzima, mtoto anaangalia matokeo yake humo, mume anatuma barua yake humo.

Kinachosaidia kweli ni kutenganisha, na kuna viwango kulingana na mfuko. Cha chini ni kutengeneza akaunti ya pili ya Windows ya kazi tu, humo ndo unaweka saa ya kurekodi, na ukimaliza unasainiauti, usiishie kufunga skrini. Hii inazuia programu iliyoinstoliwa kwa mtumiaji mmoja, haizuii ile iliyoingia kwa nguvu za admini ikakaa kama huduma ya mashine nzima, kwa hiyo akaunti hiyo ya kazi isiwe admini. Kiwango cha kati ni kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya laptopu yako, kwa programu ya VirtualBox, ni ya bure, ila laptopu ya RAM GB 8 itapumulia mdomoni, 16 inakwenda vizuri. Kiwango kinachoeleweka ni laptopu nyingine yusedi ya kazi tu, ThinkPad ya zamani inatosha kwa kazi nyingi, na kama kampuni inataka programu nzito ya ufuatiliaji basi ni haki kabisa kuwaambia walete mashine yao. Na simu iwe ndo sehemu ya WhatsApp muda wa kazi.

Nauliza ofisi wanaona nini, hawanijibu

Uliza kwa maandishi, tena kwa upole, watu wa IT wengi hawana ubaya ila hakuna aliyewauliza. Mfano: "Kaka habari za kazi, samahani nakusumbua. Natumia laptopu yangu binafsi, naomba kujua mambo manne: programu mliyoweka inakusanya nini, inafanya kazi saa zote au saa za kazi tu, nani anaziona hizo taarifa na zinakaa muda gani, na siku nikiondoka mtafuta vitu vya kazi tu au mashine nzima? Nitashukuru ukinijibu hapahapa kwenye imeili." Hilo la mwisho usiliache, jibu la mdomo halikusaidii.

Na una pa kusimama. Katiba ya Tanzania ibara ya 16 inalinda maisha binafsi na mawasiliano, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na mwenyewe ajulishwe, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Kenya wana sheria yao ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa Data, Uganda ya 2019, Rwanda ya 2021. Kama mwajiri yuko Ulaya wana sheria kali zaidi. Mwaka 2022 mahakama ya Tilburg, Uholanzi, ilimpa haki mfanyakazi aliyefukuzwa na kampuni ya programu ya Florida kwasababu alikataa kuacha kamera imewaka siku nzima wakati skrini yake tayari walikuwa wanaiona, wakaamriwa kumlipa kama euro 75,000. Huyo alikuwa mwajiriwa wa kule, we ukiwa mkandarasi wa Dodoma mambo ni magumu zaidi, lakini ukiitaja sheria kwa adabu kwenye imeili mara nyingi majibu yanakuja.

Benki inadhani niko nchi nyingine, matangazo yamekuwa ya Ulaya

Hiyo ni VPN ya kazi, njia inayopitisha intaneti yako kwenye mtandao wa ofisi, inabeba intaneti yako yote, siyo ya kazi tu. Angalia anwani yako ya IP kwenye saiti yoyote ya kuonyesha IP, VPN ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, zikitofautiana kwa saiti ya kawaida basi kila kitu kinapita kwao. Saiti nyingi zina usimbaji (encryption, kufunga data kwa namba za siri) siku hizi kwa hiyo hawasomi ulichoandika, lakini majina ya saiti ulizotembelea wanayo. Zima VPN ukimaliza kazi, na ya binafsi fanyia kwenye simu kwa bando lako, au waombe waipange ibebe anwani za kazi pekee.

Kuna kiwango cha ndani zaidi na hiki kiangalie hata kama huna VPN. Fungua saiti ya benki yako, bonyeza kialama kilicho kushoto mwa anwani, fuata mpaka cheti, yaani kitambulisho cha saiti, usome mstari wa "Issued By". Unatakiwa ukute mtoaji vyeti wa kawaida kama DigiCert, Sectigo au Let's Encrypt. Ukikuta Zscaler au Netskope, ambazo ni huduma za kukagua intaneti ya wafanyakazi, au jina la kampuni yako, maana yake mawasiliano yanafunguliwa njiani, yanasomwa, alafu yanafungwa tena, na paswedi ya benki inapita humo. Kampuni nyingi zinaacha nje saiti za benki na afya, ila zinaacha kwa hiari yao. Mashine yenye hicho usiingie benki humo, nukta. Kazi ikiisha, ukishaitoa programu yao, fungua certmgr.msc, "Trusted Root Certification Authorities", ukitoe na cheti chao. Ukikitoa mapema kazi yenyewe itagoma kufunguka.

Kamera, na kompyuta ya mbali

Kamera haraka tu: Windows 11 kwenye "Privacy & security", "Camera", kuna "Recent activity" inayoonyesha programu gani iliitumia na lini. Mac nukta ya kijani juu ni kamera, ya machungwa ni maikrofoni. Kwenye kikao shea dirisha moja, usishee skrini nzima, na uzime notifikesheni.

Kama unaingia kompyuta ya ofisi kwa Remote Desktop na unakuta C yako inaonekana kule, kabla ya kuunganisha bonyeza "Show Options", "Local Resources", "More", toa tiki kwenye "Drives". Toa na "Clipboard" kama huihitaji, kwasababu paswedi uliyokopi kwako inaweza kubandikwa kule.

Nimeacha kazi na laptopu imegoma kufunguka

Skrini ya bluu, inataka namba ya tarakimu 48. Hii ni BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Windows ikijisimba yenyewe inatunza ufunguo wa dharura kwenye akaunti uliyoiunganisha na mashine, na kama uliunganisha ya ofisi, ufunguo umekwenda ofisini. Unakaa hata miaka bila kujua, siku BIOS (programu ya ndani inayowasha mashine) imejiapdeti au fundi kabadilisha kitu ndo inauliza, na akaunti yako ya kazi ilishafungwa.

Ukiwa bado kazini fungua Command Prompt kwa admini uandike manage-bde -protectors -get C: itakuonyesha hizo tarakimu, ziandike kwenye karatasi uweke na hati zako. Alafu ukishakata akaunti ya kazi zima usimbaji kabisa, subiri umalize kufungua diski, uwashe upya ukiwa na akaunti yako binafsi ili ufunguo uwe mpya na wa zamani waliokuwa nao usifanye kazi.

Mpangilio wa kuondoka uwe hivi: bakap, namba ya BitLocker, hamisha kila huduma uliyojiandikisha kwa imeili ya kazi maana meseji za kubadilisha paswedi zitaenda kwenye sanduku ambalo huna tena, rudisha mafaili ya kazi kwa mwenyewe, ndo ukate akaunti na kung'oa programu zao. Usisubiri kikao cha mwisho, kuna ofisi zinafunga akaunti ukiwa bado umekaa kwenye kiti.

Na kama tayari umekwama kwenye skrini ile, piga simu ofisini leo, uliza mtu wa IT aangalie rekodi ya mashine yako kwenye mfumo wao, mpe ile ID ya ufunguo inayoonekana kwenye skrini, namba akiipata anakusomea unaingia. Wahi kabla hawajasafisha orodha, kwasababu rekodi ya mashine ikifutwa na ufunguo unaondoka nayo, na hapo fundi wa Kariakoo atakuwekea Windows mpya vizuri tu lakini mafaili hakuna wa kuyafungua.